Jeli ngumu inayovutika na kupitisha umeme: jinsi ya kutengeneza kihisi cha kidole kwa friza ya nyumbani

Maswali ni yaleyale kila mara. Jeli yangu haigandi nimekosea wapi, jeli yangu imekauka siku ya pili imekuwa kama plastiki, mbona namba zinapanda zenyewe wakati hata sijakunja kidole. Wengi ni wanafunzi wa projekti za mwaka wa mwisho, wengine ni watu tu wanaopenda kuunda vitu, na karibu wote wanakwama sehemu zilezile tatu nne, sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja usiku naandika yote hapa mara moja, hatua kwa hatua, na vipimo vyake.

Tunachotengeneza ni ukanda wa jeli, urefu sentimita 6, upana sentimita 1, unene milimita 2. Ukiushika unahisi kama kipande cha ngisi mbichi, unavuta unafika mara mbili ya urefu wake bila kukatika, ukiuachia unarudi. Ndani yake kuna maji yenye chumvi kwa hiyo umeme unapita, na ukiuvaa juu ya kiungo cha kidole Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) inajua umekunja kiasi gani.

Kabla hatujaanza shika jambo moja, maana ndilo linaloharibu kazi ya watu wengi: ugumu kwanza, chumvi baadaye. Usichanganye vyote kwenye sufuria moja kwa mara moja. Zipo njia za maabara wanachanganya kila kitu mwanzoni na inakubali, ila wao wana friza zinazoshuka sana, sisi friza zetu zinaishia kama hasi 18. Chumvi na gliserini vyote vinazuia maji yasigande, na hii jeli inapata nguvu yake kwenye kuganda. Ukiweka chumvi mapema umejinyima nguvu mwenyewe.

Nadharia kidogo tu

Malighafi yetu ni PVA, yaani polivinili alkoholi, ni minyororo mirefu inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Ukiigandisha, maji yanageuka barafu na barafu inaisukuma minyororo ikae imebanana pembeni, ikibanana hivo baadhi ya sehemu zinashikana na kuwa vifundo vidogo vigumu. Barafu ikiyeyuka vifundo vinabaki. Ukirudia mara tatu vifundo vinaongezeka na jeli inakuwa ngumu bila kutia dawa yoyote ya kuunganisha. Umeme ndani yake haubebwi na elektroni kama kwenye waya, unabebwa na ioni, sodiamu na kloridi za chumvi, na hiyo tofauti ikumbuke maana itatusumbua tukifika kwenye Arduino.

Kuna anayeuliza kila mara kwanini tusitengeneze ile jeli maarufu ya Harvard ya mwaka 2012, ya kundi la mtafiti Zhigang Suo, ile inayovutika zaidi ya mara 20. Ni jeli nzuri sana, imefungua njia kwa wengi. Lakini sehemu yake moja inatokana na akrilamaidi, na akrilamaidi ikiwa bado haijaungana ni sumu ya mishipa ya fahamu na inapenya kwenye ngozi. Jikoni kwako haiingii, hata ukiwa na glovu. Sehemu yake nyingine ni aljineti inayotoka kwenye mwani wa kahawia, na hapa nimjibu pia ndugu aliyeniuliza kama mwani unaolimwa Zanzibar unafaa: ule unatoa karajinani, ni kitu kingine, jeli yake ya peke yake ama inavunjika vunjika ama ni laini mno, inategemea aina ya mwani, kwa kuvuta haitufai.

Vitu vya kuwa navyo

- PVA ya unga au chembe, gramu 10. Hapa soma vizuri, nimeeleza chini.
- Maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuweka kwenye betri ya gari yanafaa ila hakikisha ni maji matupu, siyo asidi ya betri
- Gliserini ya duka la dawa, isiwe na manukato
- Chumvi ya mezani, hata yenye madini joto haina shida
- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja au chini ya hapo
- Chupa ya kioo yenye mfuniko na sufuria ya kuichemshia ndani
- Kipimajoto cha jikoni
- Friza (sio kile kijisehemu cha juu ndani ya friji ndogo ambacho barafu inakuwa nusu nusu)
- Plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, vipande viwili vya kioo au pleksi, wembe mpya
- Waya wa stenlesi wa kusugulia masufuria, ule wa nyuzi pana zinazong'aa. Ule mwingine wa kijivu mwembamba kama pamba usinunue, unashika kutu.
- Glovu za naitrili
- Arduino Uno au ya aina hiyo, bredibodi (kibao cha kuchomekea waya bila solda), waya, rezista ya kiloomu 4.7 na nyingine ya 10, pawabenki

Sasa kuhusu PVA. Gundi nyeupe ya mbao imeandikwa PVA kwenye kopo na watu wanaikimbilia maana ipo kila duka la hadwea. Ile siyo hii. Ile ni polivinili asiteti, imefanana jina la kifupi tu, ugandishe wiki nzima haitakupa jeli. Unachotaka ni polivinili alkoholi iliyoandikwa kiwango cha haidrolisisi (yaani asiteti iliyoondolewa kwenye mnyororo) asilimia 98 au 99, na uzito wa molekyuli usiwe mdogo, kuanzia elfu 85 kwenda juu ni vizuri. Ipo nyingine ya asilimia 87 au 88, inayeyuka hata kwenye maji ya vuguvugu na wauzaji wanaisifia kwa hilo, lakini ina mabaki mengi ya asiteti kwenye mnyororo, minyororo haibanani vizuri, jeli inatoka legelege au haitoki kabisa. Mi mwenyewe kuna duka liliniuzia hiyo kwa jina la ile nyingine, nikapoteza wiki mbili nikidhani friza ndiyo mbovu. Jipimie: weka kijiko kidogo kwenye glasi ya maji ya kawaida ukoroge dakika 20. Ikiyeyuka yote ikapotea, hiyo siyo. Nzuri itavimba tu na kukaa chini.

Hatua kwa hatua

1. Koroga kwenye maji ya baridi. Pima maji gramu 90 uweke kwenye chupa, kisha mimina PVA gramu 10 taratibu huku unakoroga. Ni kama uji, unga unaanza na maji ya baridi, ukiutia kwenye maji yanayochemka unapata madonge na donge la PVA halivunjiki, nje linakuwa laini ndani linabaki unga mkavu. Acha mchanganyiko ukae dakika 15 uvimbe. Pima uzito wa chupa nzima na kila kitu kilichomo, uandike, utauhitaji baadaye.

2. Chemsha kwa mvuke wa sufuria, siyo moto wa moja kwa moja. Chupa iingie kwenye sufuria yenye maji, mfuniko uwekwe juu bila kukazwa (ukiukaza inaweza kupasuka). Ndani ya chupa unataka nyuzi 90 hadi 95, koroga kila dakika 10, saa moja na nusu hadi mbili. Ikiwa tayari inaonekana angavu kama maji ya sukari mazito, hakuna hata punje. Mlioko sehemu za juu mkumbuke maji yenu yanachemka mapema, Nairobi ni kama nyuzi 94, kwa hiyo ndani ya chupa hutafika hata hapo, ongeza muda mpaka saa tatu usijali. Na uwe makini, huu mchanganyiko ukikurukia haudondoki kama maji, unang'ang'ania kwenye ngozi huku bado wa moto. Vaa mikono mirefu, watoto wasiwepo jikoni.

3. Rudisha maji yaliyopotea, toa mapovu. Pima tena uzito, kilichopungua ongeza kwa maji ya moto ukoroge. Kisha zima jiko, acha chupa ndani ya sufuria ileile dakika 40 mapovu yapande yenyewe. Juu itatengeneza ngozi nyembamba kama ya maziwa, itoe kwa kijiko usiichanganye ndani. Povu moja katikati ya ukanda ndipo utakapochanikia, kwa hiyo hizi dakika 40 usizikwepe.

4. Andaa kalibu na elektrodi (vipande vya chuma vya kuingizia na kutolea umeme). Kwenye kioo kimoja zungushia kingo za unene wa milimita 2, mimi hutumia vipande vya pleksi vilivyobandikwa kwa gundi ya silikoni, na kila kijumba ni sentimita 6 kwa 1. Kata vipande viwili vidogo vya ule waya wa stenlesi, uvikandamize viwe bapa kama wavu, kila kimoja kikae mwisho wa kijumba kikiingia ndani kama sentimita 1 na mkia wake ubaki nje. Hii ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote kwenye kazi ya mikono. Watu wanamaliza jeli nzuri halafu wanaibana na klipu au wanachomeka waya, ukivuta waya unateleza ndani ya jeli na namba zinaruka, halafu lawama inakwenda kwa jeli. Wavu ukigandia humohumo jeli inapita kwenye matundu na kushikana upande wa pili, hautoki kirahisi. Shaba usitumie, kwenye chumvi inageuka kijani ndani ya siku chache.

5. Mimina. Mchanganyiko ukiwa bado wa moto, kama nyuzi 60, mimina taratibu kuanzia upande mmoja. Funika na plastiki ya chakula iguse juu kabisa pasiwe na hewa, kisha kioo cha pili. Iwe imelala sawa, weka bilauri ya maji juu uangalie usawa.

6. Gandisha na kuyeyusha, mara tatu. Friza saa 12, halafu itoe uiache iyeyuke polepole saa 6 mpaka iwe ya joto la chumba. Hiyo ni mara moja. Rudia mpaka tatu. Kuyeyuka polepole ni muhimu kama kuganda kwenyewe, ndipo minyororo inapata muda wa kujipanga, kwa hiyo ukiiweka juani au mbele ya feni ili iwahi unajipunguzia nguvu. Wapo wanaoihamishia kwenye friji ya kawaida iyeyuke humo, ni bora zaidi kama una muda. Umeme ukikatika katikati usitupe kazi. Kama ilishaganda saa 8 au zaidi ihesabu kuwa mara moja, kama ilikuwa bado, anza mzunguko huo tena, haiharibiki. Baada ya mara ya kwanza itakuwa laini kama pudini, ya pili inashikika, ya tatu imekuwa nyeupe kwa mbali na inaruka ukiiachia. Unaweza kwenda mara tano ila faida inakuwa ndogo ndogo.

7. Sasa ndiyo chumvi. Changanya maji gramu 60, gliserini gramu 40 na chumvi gramu 6, koroga mpaka chumvi yote ipotee. Hilo ndilo bafu letu, zamisha kanda zako humo saa 24, chombo kimefunikwa. Kimiminika kiwe angalau mara 10 ya uzito wa jeli, maana maji yaliyoko ndani ya jeli yanatoka na kuzimua bafu lako, ukiweka kidogo utapata chumvi pungufu na kila ukanda utakuwa na tabia yake. Gliserini kazi yake ni kushika maji yasikimbie. Bila gliserini ukanda wa milimita 2 ukiachwa wazi mezani unakuwa plastiki kavu kwa siku moja au mbili, na sehemu kavu kama Dodoma ni haraka zaidi. Pwani ni kinyume, hewa ina unyevu, gliserini inaweza kuvuta maji ukanda ukavimba kidogo, ndiyo maana tunaufunga.

Kuna njia nyingine hapa kwa anayetaka ugumu wa kukanyagwa. Badala ya bafu la gliserini, zamisha kwenye sodiamu sitreti saa 24. Huna haja ya kuiagiza, unaitengeneza: asidi ya sitriki gramu 19 (ile isiyo na maji, inauzwa kwa watengeneza juisi) na baking soda gramu 25, changanya kidogo kidogo kwenye maji maana povu linapanda sana kama soda iliyotikiswa, likiisha ongeza maji yafike mililita 100. Sitreti inayanyang'anya maji yale yanayozunguka minyororo, minyororo inabanana zaidi, jeli inasinyaa kidogo na kuwa nyeupe na ngumu kweli. Umeme inapitisha bado. Tatizo lake haina gliserini ndani, ikikauka inatoa unga mweupe wa chumvi pembeni, kwa hiyo lazima uifunge siku hiyohiyo. Kwa kidole mi napendelea ya gliserini kwa sababu ni laini na kidole hakichoki. Kwa goti au kiwiko chukua ya sitreti.

8. Futa na ufunge. Ukanda ukitoka kwenye bafu ukaushe juu kwa tishu. Kata kidole cha glovu ya naitrili, ingiza ukanda ndani, mikia ya waya itokeze pande mbili, funga ncha kwa gundi ya mpira ya kuzibia tyubu za baiskeli au kwa silikoni. Usiruke hatua hii. Mwili wako wenyewe unapitisha umeme na jasho pia lina chumvi, jeli ikigusa ngozi uchi umeme unapita njia mbili na utakuwa unapima jasho badala ya kidole. Glovu za latekisi zinavutika vizuri zaidi lakini kuna watu zinawadhuru ngozi, kama hujui hali ya atakayevaa baki na naitrili.

9. Ulainishe kwa kuvuta. Kabla ya kupima chochote uvute mara 30, mpaka nusu ya urefu wake zaidi, taratibu. Mivuto ya kwanza inavunja vifundo dhaifu, kwa hiyo ukanda mpya namba zake hazirudii palepale, baada ya hapo unatulia.

10. Unganisha na Arduino, na usitumie umeme wa upande mmoja. Hapa ndipo ioni zinapotusumbua. Ukipitisha umeme wa DC muda wote, ioni zinajazana kwenye elektrodi, ukinzani unaonekana unapanda wakati hakuna kilichovutwa, na ukiendelea maji yanaanza kuchambuka vipovu na waya kuliwa. Ndiyo sababu pia multimita ya kawaida inakudanganya, inapima kwa DC, unaona namba inatembea tu haitulii, na mtu anahitimisha jeli ni mbovu. Siyo mbovu.

Fanya hivi. Ukanda uunganishwe kati ya pini 8 na A0 (pini ya kusomea volti). Rezista ya kiloomu 4.7 iwe kati ya A0 na pini 9. Basi, hakuna kinachokwenda kwenye 5V wala GND moja kwa moja. Kwenye programu: pini 8 ipe juu, pini 9 chini, subiri maikrosekunde 300, soma A0, namba hiyo iite a. Geuza, pini 8 chini na pini 9 juu, subiri maikrosekunde 300 zilezile, soma A0, iite b. Halafu zote mbili chini, pumzika milisekunde 20, anza tena. Ukinzani wa jeli ni b ukigawanya kwa a, zidisha kwa 4.7, jibu ni kiloomu. Kama a ni sifuri usigawanye, maana yake waya umeachia. Chukua wastani wa visomo 8 ndiyo uuonyeshe.

Uzuri wa mpango huu una kipimo cha afya ndani yake: a ukijumlisha na b iwe karibu na 1023, ambacho ndicho kisomo kikubwa kabisa cha Arduino Uno. Ikiwa hivo elektrodi zako ziko sawa. Ikipungua au kuzidi kwa makumi kadhaa na hairudi, kuna volti imelala upande mmoja, ama elektrodi mbili siyo metali moja, ama moja imeanza kutu, ama muda wa kusubiri pande mbili haulingani.

Kwa ukanda wa vipimo hivi tarajia kiloomu chache ukiwa umelegea. Kama ni zaidi ya 8 badilisha rezista uweke ya 10, unataka a na b zisipishane sana mwanzoni. Wenye ESP32 (bodi nyingine ya kazi kama ya Arduino) visomo vyao ni mpaka 4095 na volti 3.3, na kwenye ncha za chini kabisa na za juu kabisa haisomi kwa usawa, kwa hiyo kwenu kuchagua rezista inayoweka namba katikati ni lazima.

11. Pima kwa rula kabla ya kidole. Bandika ncha mbili kwenye rula, sehemu huru kati ya elektrodi iwe sentimita 4. Andika ukinzani. Vuta mpaka 4.4, 4.8, 5.2, 6, kila sehemu andika. Jeli haibadilishi ujazo ikivutwa, inarefuka na kukonda kwa pamoja, kwa hiyo ukinzani unapanda kwa mraba wa urefu: ukiivuta mara 1.2 ukinzani unakuwa mara 1.44, mara 1.5 unakuwa 2.25. Hii ni rula ya ukweli. Namba zako zikikaa chini kidogo ya hapo ni kawaida. Zikiruka juu sana ya hapo, kuna mpasuko unafunguka au waya unateleza, usiendelee mpaka ujue ni kipi.

12. Vaa. Katikati ya ukanda iwe juu ya kiungo cha kati cha kidole, ncha zifungwe na plasta ya kitambaa pande mbili, zikazwe kidogo ukiwa umenyoosha kidole ili usianze na ulegevu. Subiri dakika 10. Najua unataka kuona haraka, ila subiri, maana umeme wa ioni unapita vizuri zaidi kwa joto, karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, na kutoka meza ya nyuzi 24 kwenda ngozi ya nyuzi 34 ukinzani unashuka kama moja ya tano hata kabla hujakunja chochote. Ndiyo uweke sifuri yako. Na ukiwa umevaa tumia pawabenki au laptopu iliyochomolewa chaja, kifaa cha mwilini hakitakiwi kuwa na njia yoyote kwenda kwenye umeme wa ukutani.

Ikikataa

*Haijaganda, imebaki maji mazito.* Karibu mara zote ni aina ya PVA. Rudia lile jaribio la glasi. Kama PVA ni nzuri, basi uliweka chumvi au gliserini mapema, au friza haifiki hasi 15, weka kipimajoto humo usiku mzima ujue.

*Imeganda lakini inakatika ukiivuta kidogo tu.* Angalia ilipokatikia. Ikiwa ni pembeni, wembe ulikuwa butu ukaacha alama, jeli ikishapata alama pembeni inachanika kuanzia hapo, kata kwa kubonyeza mara moja usiburute kama kisu cha mkate. Ikiwa katikati, povu. Ikiwa kwenye wavu, ulikuwa na ncha kali zinazochoma, zikunje ndani.

*Ni ngumu upande mmoja, laini upande mwingine.* Maji yalitoka juu wakati wa kugandisha, plastiki haikugusa vizuri. Au kalibu ililala upande.

*Namba zinapanda polepole siku nzima.* Inakauka. Pima uzito wa ukanda asubuhi na jioni, ukipungua basi kifuniko kinavuja, na mara nyingi ni pale waya unapotokea. Rudisha kwenye bafu saa 24, ziba upya. Inafufuka, nshafanya hivo mara nyingi.

*Namba zinaruka ruka kidole kikiwa kimetulia.* Gusa mkia wa waya kwa kijiti. Zikiruka zaidi, ni pale unapokutana na waya wa bredibodi, solda haishiki vizuri kwenye stenlesi kwa hiyo zungushia na ubane kwa kibanio cha skrubu. Zisiporuka, weka mkono mwingine mbali, nyaya ndefu zinanasa mvumo wa umeme wa nyumbani, zisokote mbili pamoja na uzifupishe.

*Nikinyoosha kidole namba hairudi sifuri.* Ikiwa inarudi baada ya sekunde chache ni tabia ya jeli, punguza kasi au ukubali ucheleweshaji mdogo. Ikiwa hairudi kabisa, plasta imeteleza, au uliruka hatua ya 9.

*Imeota ukungu.* Kanda za akiba zitunze ndani ya bafu lao la gliserini na chumvi kwenye friji, siyo kwenye maji matupu. Maji matupu yanaota na pia yanavuta chumvi yote nje, utazikuta hazipitishi kitu.

*Nataka vidole vitano.* Usiziunganishe zote kwenye pini zilezile mbili. Pini 8 iwe ya wote upande mmoja, kila ukanda uwe na pini yake ya A (A0 mpaka A4), rezista yake, na pini yake ya pili ya kugeuza. Somea kidole kimoja kwa wakati, na pini za pili za vidole vingine ziweke kama ingizo zisiwe juu wala chini, vinginevyo umeme utapita kwenye kanda zisizosomwa kila mzunguko, hazitapata mapumziko sawa na ile jumla ya 1023 itaanza kupotea. Tengeneza kanda saba kwa mmimino mmoja, chagua tano ambazo ukinzani wake wa mwanzo umekaribiana, mbili zibaki akiba kwenye bafu.